Kabla ya Tiketi Kulikuwa na Mbio za Nyika

Wacha niseme jambo litakalowaudhi marafiki zangu wa Jumapili asubuhi. Hizi mbio za msituni mnazoposti kila wikendi, viatu vimejaa matope na medali ya mbao mkononi, si kitu kipya Nairobi. Kipya ni tiketi.

Waandaaji huziita kwa jina la Kiingereza na siwalaumu, Kiingereza kinauza. Lakini kama ulikulia kwenye nyumba ambayo redio haikuzimwa, unajua Kiswahili kilizipa jina kitambo: mbio za nyika. Najua mtu wa riadha atanirukia hapa aniambie mbio za nyika ni mizunguko kwenye uwanja wa nyasi, na hizi za sasa zinafuata kijia cha msitu mwanzo hadi mwisho, kupanda na kushuka. Sawa, tofauti ipo. Lakini udongo ni ule ule, na huu upande wa magharibi wa jiji, kuanzia Kibera mpaka vilima vya Ngong, ndiko hizo stori mbili zilikutana.

Nilisomea utalii kampasi semesta nne kabla ya karo kunishinda. Kwa hizo semesta nne, utalii ulikuwa Mara, Diani na mzungu mwenye kofia. Hakuna siku tulizungumza juu ya msichana wa Umoja anayepanda matatu mpaka tauni, anapanda nyingine ya 111 mpaka Ngong, analipia namba ya kifuani, anakimbia kilomita kumi, anakula nyama na ugali pale Ngong, kisha anarudi nyumbani na miguu inauma. Huyo ni mtalii. Ametoka kwake, ametumia pesa mahali si kwake, amerudi na picha. Wataalamu wanauita utalii mdogo wa michezo, na sifa zake ni tamu ukizisoma: hakuna uwanja wa kujengwa, hakuna hoteli ya nyota tano, unatumia njia zilizopo, wageni ni mia mbili au mia tatu, na pesa inabaki kwa watu wa pale.

Hayo ya "njia zilizopo" ndiyo hunikwaza. Zilitoka wapi?

Anza na jina la Kibera. Kwa Kinubi, kibra ni msitu. Askari Wanubi wa King's African Rifles na familia zao walianza kuwekwa pale mwaka wa 1904, na mwaka wa 1918 serikali ya mkoloni ikaitangaza rasmi kuwa ardhi ya jeshi, ekari zaidi ya 4,000. Kwa hivyo ule mtaa mnaoujua kwa picha za mabati ulikuwa msitu, na Msitu wa Ngong Road ulio ng'ambo ni jirani yake aliyenusurika. Huo wa Ngong Road na ule wa Karura ulitangazwa msitu wa serikali mwaka mmoja, 1932. Kwa mtu wa kawaida, kutangazwa huko kulimaanisha kitu kimoja: kuanzia leo, ukiokota kuni hapa bila ruhusa, wewe ni mwizi.

Kisha serikali yenyewe ikaanza kuukata. Shule ikachukua kipande. Makaburi ya vita yakachukua chake. Uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, uwanja wa mbio za farasi, mitaa ya nyumba, na juzi juzi Southern Bypass ikapita katikati. Kati ya hekta zaidi ya 2,900 za mwanzo, zimebaki kama 1,200. Utamu ni kwamba hiyo Southern Bypass yenyewe sasa tunaikimbilia. Nairobi Marathon, iliyoanza 2003 na kwa miaka mingi ikaanzia Nyayo, siku hizi inaanzia Uhuru Gardens na kupitia bypass. Yaani tunalipa kukimbia kwenye lami iliyokata msitu, halafu wiki inayofuata tunalipa tena kukimbia kwenye msitu uliokatwa.

Na wakati hayo yote yanaendelea, watu walikuwa wanatembea. Mtu wa Kibera au Kawangware aliyefyeka nyasi kwa mdosi wa Karen hakuwa na nauli ya kila siku. Aliingia msituni alfajiri, akatokea upande wa pili, jioni akarudi vivyo hivyo. Kina mama walifuata kuni. Huko juu vilimani, wachungaji Wamaasai walifuata maji na nyasi. Kijia hakichorwi na mtu mwenye saa ya GPS. Kinachorwa na nyayo zile zile, mvua na jua, miaka hamsini, sitini.

Kuna mwaka mmoja huwa siachi kuufikiria: 1954. Aprili 24 mwaka huo Waingereza walizingira Nairobi kwa operesheni waliyoiita Anvil. Wakakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru maelfu kwa maelfu, wakawachuja, wengine wakapakiwa kwenye malori mpaka kambini. Bila kibali hutembei. Msitu nao uliogopwa kila upande, maana humo mlikuwa na Mau Mau na humo mlikuwa na bunduki za serikali. Sasa skiza. Julai ya mwaka huo huo, Nyandika Maiyoro wa Kisii na Lazaro Chepkwony wa Bonde la Ufa walikuwa London, uwanja wa White City, wanakimbia pekupeku mbele ya Waingereza waliozoea kuamini kwamba Mwafrika hana pumzi ya mbio ndefu. Na ni mwaka huo huo mbio za farasi za Nairobi zilihamia uwanja mpya kando ya Msitu wa Ngong Road. Mkenya alikuwa na uhuru zaidi wa kukimbia London kuliko wa kutembea Dagoretti. Farasi alikuwa na uhuru kuliko wote.

Uhuru ukaja, bendera ikapandishwa hapo Uhuru Gardens Desemba 12, 1963, lakini hofu ya msitu haikuisha. Kuna Ngong ambayo haiko kwenye posta yoyote ya mbio. Machi 2, 1975, J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alionekana mara ya mwisho Hilton, katikati ya tauni. Mwili wake ulipatikana vilima vya Ngong, na aliyeupata ni mchungaji Mmaasai. Hebu angalia hiyo njia: kutoka Hilton mpaka Ngong. Ni njia ile ile matatu zetu hupita Jumapili na muziki juu. Tangu hapo kizazi cha wazazi wetu kikisema mtu "amepelekwa Ngong" hakimaanishi pikiniki. Msitu wa Ngong Road ukapata jina baya la miili na wezi, Karura vilevile. Mama yangu alikulia Kawangware. Mwaka wa 2024, wakati vijana walikuwa wanatekwa baada ya yale maandamano, alinipigia simu kunikataza kupita Ngong Road usiku. Hakunieleza sababu na sikuuliza.

Kwa hivyo hapo kwa muda mrefu paliishi vitu viwili pamoja, na hii ndiyo sehemu ya stori ninayoipenda. Msitu ule wa kuogopwa ulikuwa umepakana na uwanja wa farasi, na uwanja wa farasi ukawa nyumba ya mbio za nyika. Kwa miaka mingi mashindano ya taifa ya kuchagua timu ya kwenda ubingwa wa dunia yalifanyika pale Ngong Racecourse, kabla ya kuhamia Uhuru Gardens na kwingine. Jeshi, Polisi, Magereza, mikoa, kila mtu na fulana yake. Watu husema ilikuwa rahisi kupata medali ya dunia kuliko kupita pale. Hesabu inawapa haki: kuanzia 1986 hadi 2003 timu ya wanaume ya Kenya ilichukua ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara 18 mfululizo. Kumi na nane, bila kukosa mwaka! John Ngugi peke yake alishinda mara tano. Paul Tergat naye tano, 1995 hadi 1999, bila kupumzika. Na hao hawakulipa kukimbia. Walikimbia ili walipwe, wapate kazi ya jeshi, wapate tiketi ya ndege.

Siku hizi kila mtu anataja Iten. Lakini Tergat aliishi na kufanya mazoezi Ngong. Catherine Ndereba pia ni mtu wa njia za Ngong. Septemba 2003 Tergat alipovunja rekodi ya dunia ya marathoni Berlin kwa 2:04:55, ile rekodi ilikuwa na vumbi la Ngong ndani yake. Wanakijiji wa Embulbul waliwaona hawa watu wakipita asubuhi kama unavyomuona muuza maziwa. Hakuna aliyewaita utalii.

Mombasa ndiyo ilionyesha mapema mambo yanaelekea wapi. Machi 24, 2007 Kenya iliandaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika, na zilikimbiwa wapi? Kwenye uwanja wa gofu. Joto likamtoa hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia, Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda, umati ukapiga kelele mpaka ukakauka koo. Siku nzuri sana kwa nchi. Ila kesho yake gofu ikarudi kuwa gofu.

Sasa turudi kwa swali la msitu, maana hapa ndipo wenzangu wa "kila kitu kiwe bure" huwa tunaachana. Msitu unaoogopwa ni msitu rahisi kuibwa. Kama hakuna anayeingia, nani atapiga kelele siku tingatinga likija? Mwaka wa 1998 ilijulikana kwamba vipande vya Karura vimegawiwa watu binafsi na ujenzi umeanza. Wangari Maathai na Green Belt Movement wakaenda na miche. Januari 8, 1999, akiwa langoni anataka kupanda mti, yeye na wenzake walipigwa na genge la walinzi, akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakamwagika barabarani, wakapambana na polisi kwa siku kadhaa. Hao walikuwa umri wangu, na bado walikuwa na karo. Agosti mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Lakini kilichoiweka Karura salama kila siku si lile tangazo. Sheria ya Misitu ya 2005 iliruhusu wakazi kuunda vyama vya kushirikiana na serikali kutunza msitu, Friends of Karura wakaundwa, ua likawekwa, vijana wa mitaa ya jirani wakaajiriwa kuwa walinzi, na 2011 msitu ukafunguliwa kwa umma. Watu wakaanza kuingia. Mbwa, baiskeli, watoto, wapenzi, wakimbiaji. Leo ukitaka kunyakua robo ekari Karura, itabidi uifiche mbele ya watu elfu wenye simu.

Kwa hivyo mimi si adui wa namba ya kifuani. Mkimbiaji ni shahidi. Msitu wa Ngong Road unawahitaji sana kuliko Karura, kwa sababu kelele zake ni chache.

Na tuna mifano yetu ya jinsi mbio zinaweza kulipa deni kwa ardhi. Lewa ilianza 2000, mbio za barabara za vumbi ndani ya hifadhi, askari wa wanyama na helikopta wakiangalia simba asijiandikishe. Pesa zinazokusanywa huenda kwa uhifadhi, shule na afya, ndani na nje ya Lewa. Ndakaini ilianza 2004, nusu marathoni kuzunguka bwawa la Murang'a linalotupa Nairobi sehemu kubwa ya maji yetu, na ilianzishwa na chama cha kutunza mazingira ya lile bwawa. Huko nje nako hii kitu ilikua sana. Ile mbio kubwa ya kuzunguka Mont Blanc ilianza 2003, na siku hizi Wakenya wanaenda Alps kushinda: Patrick Kipngeno alikuwa bingwa wa dunia wa kupanda mlima 2022 na 2023, Philemon Kiriago akashinda Sierre-Zinal kule Uswisi 2023. Vijiji vya huko vinaishi kwa wikendi kama hizo. Kwetu wengi hawajui hata majina yao.

Tupige hesabu ya kwetu basi. Chukua mbio ya watu 300, kila mmoja alipe 2,500. Hiyo ni 750,000. Ondoa kibali cha Huduma ya Misitu, ambulensi, tisheti, medali, mashine za kupima muda, muziki na mtu wa maikrofoni. Mwandaaji habaki tajiri, na sisemi amebaki. Ninachouliza ni kwamba katika hiyo orodha, mtu anayeishi mita mia tatu kutoka mahali pa kuanzia yuko wapi? Maji yamekuja na lori kutoka Industrial Area. Ndizi zimenunuliwa supermaketi. Chai inauzwa na hema lililokuja na gari la kifahari. Wanaoonyesha njia ni marafiki wa mwandaaji, na mara nyingi hawaijui njia, ndiyo maana mnapotea kilomita ya saba. Kijana wa Kawangware anayekimbia hapo kila asubuhi na viatu vya mitumba vya Toi, ambaye angewaacha nyote kwa dakika kumi, hana 2,500. Siku ya mbio anaambiwa asubiri nje mpaka tumalize.

Mwaka uliopita nilifanyia mwandaaji mmoja vidio za tukio lake. Malipo yalikuwa tisheti, namba ya bure na ahadi kwamba "utaonekana". Sawa, huo ndio mtaa wetu. Kilichoniuma ni kitu kingine. Nilipomtumia vidio ya kwanza alijibu kwa ujumbe mfupi: toa ile sehemu ya kina mama wenye kuni, inaharibu sura ya msitu. Kulikuwa na kina mama wanne wamesimama kando ya njia na mizigo mgongoni, wakingoja tupite. Wengine wao hulipia kibali cha mwezi cha kuokota kuni, kwa hivyo hata wao ni wateja wa ule msitu, tena wateja wa kila siku.

Sasa mzozo wa nani anashika pesa ya lango umefika hata Karura. Agosti 2025 Huduma ya Misitu ilitangaza malipo yote ya kuingia yapitie eCitizen, Friends of Karura wakapinga, kesi ikaenda kortini. Pande zote mbili zina watu wenye elimu na mawakili. Mimi nikisoma zile taarifa nilikuwa natafuta mstari mmoja tu kuhusu anayepakana na ua, atalipa ngapi na ataajiriwa na nani. Tulibishana wiki nzima kuhusu pesa iingie akaunti gani, wakati mtu wa Huruma iliyo kando ya ua anajiuliza kama bado ataweza kuingia.

Ninachotaka si kikubwa. Mwandaaji atenge nafasi kumi kati ya kila mia kwa watu wa mitaa inayopakana na njia, bure, na si ya kupigiwa picha ya hisani, wapewe muda rasmi na zawadi wakishinda. Wanaoonyesha njia watoke Kibera, Kawangware, Embulbul, walipwe siku hiyo hiyo kwa M-Pesa. Chai na maandazi yanunuliwe kwa mama ambaye kibanda chake kiko langoni, yuko pale saa kumi na mbili asubuhi hata bila mbio. Na hesabu ziwekwe wazi, ukurasa mmoja unatosha: tulikusanya hiki, msitu ulipata hiki, mtaa ulipata hiki. Kama mwandaaji anajiita mdogo na wa kijamii kwenye posta, hiyo karatasi isimtoe jasho. Sisi wa kontenti nasi tuiulize kabla ya kuchukua tisheti. Mimi ya mwaka uliopita ilishapauka kwa dobi mara mbili.

Zile sekunde za kina mama bado ninazo kwenye simu. Mama wa mbele amebeba mzigo unaomzidi urefu, ameingia kwenye miiba kuwapisha wakimbiaji, na mmoja anapita akimwambia "asante mum" bila kupunguza mwendo. Nitaziposti Jumatano, sura zao nimezificha.